Uso wa Ilham Kabla ya Jumapili

Mimi sina subira na watu wanaosema chunusi ni ujana tu. Ujana gani huo unaomfanya mtoto aamke asubuhi foronya ina madoa ya damu? Nimeyasikia yote: mpakeni asali, mpakeni liwa, mpakeni majivu ya maganda ya ndizi, mwacheni, akiolewa zitaisha. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likinipandisha mori, maana huyo wa kumwoa si lazima kwanza amwone?

Ilham ni binti wa mdogo wangu Idrisa. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la kwanza, na mimi, niliyekuwa nimeshaachika na kurudi kwetu Lukozi, ndiye niliyemsuka nywele na kumfunza yale ambayo shangazi humfunza msichana. Nyumba yangu iko hatua chache kutoka kwa baba yake, na Ilham alilala kwangu tangu siku ile mpaka leo. Chunusi zilimwanza kidato cha pili. Hazikuwa zile za kutumbua zikaisha. Zilikuwa mafundo chini ya ngozi, mashavuni na kidevuni, magumu kama punje za njugu, na kila fundo lililopoa liliacha shimo.

Kidato cha tatu akavaa nikabu. Idrisa alifurahi mpaka akachinja jogoo. Msikitini watu wakampa mkono, wakamwambia amelea. Jioni ile ile, tukiwa jikoni kwangu, Ilham alisogeza kigoda akaniambia polepole, kwa Kishambaa, ili yeyote anayepita asidhani ni jambo kubwa, "Shangazi, angalau sasa hawataniona." Niliona mtoto anapumua kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, na mtu anayepumua humwambii avue. Siri ile tukaibeba sisi wawili, naye baba yake akaendelea kujivuna.

Mahali pekee alipokuwa akiivua nje ya nyumba ni kwenye ukungu. Huku kwetu, Juni mpaka Agosti, ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba ukatanda mabondeni, na mtu uliye naye tuta moja unamjua kwa kikohozi chake. Siku kama hizo Ilham alipofika shambani aliipandisha nikabu juu ya paji la uso, akapalilia karoti uso wazi, akiimba. "Ukungu ni nikabu ya Mungu, Shangazi," alikuwa akisema. Nami nikimsikia anaimba nilikuwa nauombea ukungu usiondoke.

Ndipo, Ilham akiwa ameshamaliza shule, akatokea Abdulaziz.

Ni kijana wa Mnazi, kule bondeni kwenye joto na mashamba, anayepanda huku kwetu kununua kabichi na karoti akauze chini. Alimwona Ilham akipita na tenga lake. Sijui aliona nini zaidi ya macho na mabuti ya mvua, lakini alimtuma mjomba wake alete posa, na mjomba akaja na maneno yaliyomyeyusha Idrisa kama siagi: kijana wetu anatafuta mke wa stara, na stara ameiona hapa. Idrisa akasema taratibu zifuatwe, watoto waonane. Kabla posa haijakubaliwa, mwanamume na msichana hukaa chumba kimoja mbele ya baba, msichana akafunua uso, wakatazamana. Ni sunna, na ina busara yake, asije mtu akauziwa mbuzi kwenye gunia. Siku ikapangwa kuwa Jumapili.

Ilham alikuwa jikoni akikata kabichi nilipokwenda kumpa habari. Aliendelea kukata mpaka kabichi ikaisha, kisu kikawa kinakata ubao mtupu.

"Ilham."

"Nimesikia, Shangazi."

"Basi acha ubao."

Wakati huo tulikuwa tumeshaanza matibabu ya mwanga. Vidonge alivimeza miezi na miezi vikamharibu tumbo tu, krimu zikamchubua, mwishowe daktari akatuelekeza kwenye kliniki moja ya ngozi mjini Moshi. Kule wanakupaka dawa usoni, unasubiri iingie, kisha unawekwa mbele ya taa kali ya rangi ya buluu. Dawa ile huifanya ngozi inase mwanga, na mwanga ukinaswa unaua uchafu ulioko ndani ya vinyweleo. Ndivyo nilivyoelewa mimi, na sijifanyi daktari. Tulikuwa tumekwenda mara mbili, na mara zote tulifikia kwa binamu yangu palepale Moshi, tukajifungia ndani siku mbili mpaka dawa iishe ngozini. Mashavu yalikuwa yametulia. Kidevu ndicho kilichokuwa bado kinamsumbua.

Safari ya tatu iliangukia Jumatano ya wiki ile ile ya kuonana. Nikasema tuahirishe. Mgeni akiwa njiani humpakii nyumba chokaa mbichi.

"Kidevu bado, Shangazi," Ilham akasema. "Atatazama kidevu."

"Nani kakwambia wanaume hutazama kidevu?"

"Mimi ningekitazama."

Tukaenda.

Mara zile mbili za mwanzo alisubiri peke yake. Safari hii wagonjwa walikuwa wengi, na chumba cha kusubiri dawa iingie, chenye mapazia mazito, kilikuwa na watu wengine wawili waliokwisha kupakwa. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwalimu kutoka Same, aliyejitambulisha kwa jina la Jenoveva. Wa pili alikuwa kijana mchuma chai wa upande wa Bumbuli, mtu wa Kigoma kwa asili, akiitwa Alphonce. Dawa ikiwa mbichi huwezi kuifunika kwa kitambaa. Ilham alikaa, akageuza kiti, akautazama ukuta.

"Geuka, mwanangu," Jenoveva akamwambia. "Humu ndani wote tumepakwa. Mimi nina miaka arobaini na mbili na bado natoka chunusi kama wanafunzi wangu. Wananiita Madam Kipele, wanadhani sisikii."

Alphonce alicheka, lakini macho yake aliyaelekeza sakafuni, na nilimpenda kwa hilo. Alijua kuna msichana chumbani asiyetaka kutazamwa.

"Inauma sana?" Ilham akauliza, bado akiuuliza ukuta. Mara mbili alikuwa ameshaipitia, lakini nadhani alitaka kusikia kutoka kwa mwingine.

"Mimi naona kama nimepakwa upupu halafu nikasogezwa kwenye moto," Alphonce akajibu.

"Mimi mara ya kwanza nililia," Jenoveva akasema. "Nikamwambia nesi azime. Akazima. Nikajionea aibu, nikamwambia awashe."

"Na zimeisha?"

"Zangu zimepungua. Nusu, tuseme. Sasa naweza kusimama mbele ya wazazi bila kushika kidevu."

Alphonce naye akajibu. "Zangu ziliisha kabisa. Halafu baadhi zimerudi. Ndiyo maana niko hapa tena. Daktari alinieleza mapema kwamba inaweza kutokea."

Hilo neno, zimerudi, niliona jinsi lilivyomwingia Ilham mgongoni. Mabega yalipanda yakabaki huko juu. Ningeweza kumziba kijana yule mdomo kwa kiganja, na hakuwa amekosa lolote ila kusema kweli.

Zamu yake ilipofika niliruhusiwa kuingia naye. Wakamvika miwani ya kuziba macho, nami wakanipa yangu, taa ikawashwa. Nikamshika mkono. Alikibana kidole changu chenye pete mpaka pete ikaacha alama iliyokaa hadi kesho yake. Hakulia. Alikuwa akirudia kitu kwa sauti ya chini, nikadhani ni dua, nikainama kusikiliza. Alikuwa akisema, "Jumapili, Jumapili, Jumapili."

Nesi, dada mmoja mchangamfu aitwaye Glory, alitupa maagizo yale yale ya siku zote. "Dawa bado imo ngozini. Siku mbili asitoke nje mchana. Asikae karibu na dirisha. Hata kukiwa na mawingu, mama, asitoke." Alipomwona Ilham anafunga nikabu, akasema, "Wewe umejiandaa kuliko wote." Siku ile kitambaa kile kilikuwa na kazi ya halali, na tulipofika nje Ilham akaninong'oneza, "Huyu hajawahi kufika Lukozi Julai. Huko kwetu hilo jua atalitoa wapi?" Tukacheka wote wawili.

Safari hii hatukukaa Moshi, kwa kuwa nyumba ilikuwa inasubiri wageni. Tuliondoka na basi la kwanza Alhamisi, kungali giza, Ilham akiwa na nikabu na mtandio wangu juu yake, na tulipofika tukaingia ndani moja kwa moja. Nikatundika blanketi dirishani mwa chumba chake. Baba yake tulimwambia anapumzika baada ya safari.

Ijumaa kulikuwa na ukungu mweupe, mzito, wa kukata kwa kisu. Nilishuka sokoni kutafuta mchele na viungo vya pilau, nikamwacha mle chumbani amejifunika. Niliporudi, kabla ya adhuhuri, nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaimba shambani.

Niliutua mzigo palepale njiani nikakimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Alikuwa amechuchumaa kwenye karoti, nikabu kichwani, uso wazi, mashavu yameloa umande.

"Ilham! Ulikatazwa!"

Akainua uso juu, akauzungusha huku na huku kama mtu anayetafuta ndege. "Jua liko wapi, Shangazi? Nionyeshe."

Nikatazama. Juu kulikuwa kweupe, chini kulikuwa kweupe, hata mgomba wa mpakani ulikuwa kivuli tu. Jua halikuwepo. Mtu aliyezaliwa kwenye milima hii anajua jua ni nini: ni lile linalotoka mara moja baada ya wiki, watu wakaanika blanketi na maharage. Kile kilichokuwa juu yetu hakikuwa jua.

"Nilishindwa mle ndani," akasema. "Nikikaa kimya nasikia Jumapili inakuja."

Alikuwa huko tangu nilipoondoka. Nikamrudisha ndani nikimgombeza, lakini moyoni nilijiambia pengine hakuna neno.

Baada ya swala ya adhuhuri akaanza kusema uso unamchoma. Alasiri ukawa mwekundu uliokoza, umevimba, ngozi imevutika mpaka macho yakawa madogo. Ilipofika magharibi hakuweza kugusa shavu hata kwa kanga. Nikampigia nesi Glory, mara ya kwanza nikakosea namba.

"Mama, nilisema asitoke."

"Hakukuwa na jua, nesi. Ulikuwa ukungu mtupu. Wallahi hakukuwa na jua."

Naye akauliza: "Mle kwenye ukungu, alikuwa anaiona mikono yake?"

"Anaiona."

"Basi mwanga ulikuwepo."

Nilikaa kitako kwenye gunia la mchele. Maisha yangu yote nimeishi ndani ya ukungu ule, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Nesi hakunisimanga. Akanielekeza kitambaa cha maji baridi, mafuta ya kupaka, chumba cha giza, na kama malengelenge yatatokea nimpeleke hospitali bila kuchelewa. Nikamuuliza lile nililokuwa naogopa kuuliza, kama uso utakuwa umerudi sawa ifikapo Jumapili.

"Jumapili hii? Hapana, mama. Utakuwa unabanduka."

Usiku kucha nilibadilisha vitambaa. Asubuhi malengelenge hayakuwepo, nikamshukuru Mungu, ila ngozi ilikuwa imeanza kukauka na kujikunja pembeni kama ganda la kitunguu, na chini yake mabaka meusi na mekundu. Kidevu, kile kidevu chenyewe, ndicho kilichoungua kuliko pote. Ilham aliomba kioo. Nikamnyima. Akachukua simu yake akajitazama kwenye kioo cha simu, akairudisha chini taratibu.

"Niseme niko kwenye siku zangu?" akauliza.

"Siku zako zina uhusiano gani na uso?"

"Niseme naumwa."

"Ndivyo tutakavyosema. Naenda kwa baba yako sasa hivi."

Nilikwenda, lakini nilimkuta Idrisa na msumari mdomoni, anapigilia ubao wa baraza uliolegea kwa ajili ya wageni. Ameshapaka kuta. Ameazima zulia kwa jirani. Akaniambia kwamba mjomba wa kijana ameshapiga simu, na kwamba Abdulaziz ni mtu wa dini kweli, kwani amesema kutazama si sharti, na kama binti ataona haya, yeye ataridhika na sifa alizozisikia.

"Umeona?" Idrisa akasema. "Kijana anaoa dini, haoi sura."

Ile habari ya kuumwa sikumpa. Nilirudi kwangu mbio mbio, maana nilikuwa nimeuona mlango, na nilitaka Ilham apite.

"Husemi lolote," nikamwambia. "Unaingia, unasalimia, unainamisha kichwa, unakataa kufunua. Atasifu haya yako, atakwenda zake. Mpaka ndoa ifungwe uso umepona."

Ilham alikuwa kwenye giza, kitambaa chenye maji usoni, sikuweza kumwona. "Na zikirudi? Kama za yule kaka wa chai?"

"Utakuwa mke wa mtu tayari."

"Kwa hiyo yeye ndiye atakayenunua mbuzi kwenye gunia."

Nilikasirika. Nilimwambia kuna wakati wa kuwa mkweli na kuna wakati wa kuwa na akili. Sikulala tena usiku wa pili, nikihofia atasema nini na nikihofia zaidi asiposema.

Jumapili wageni walifika saa nne. Ukungu ulikuwa umerudi. Mjomba akabaki barazani na chai yake, Abdulaziz akaingizwa sebuleni kwa Idrisa. Ni kijana mrefu, mweusi wa jua la bondeni, mwenye aibu, alikalia ncha ya kiti. Nikamleta Ilham kwa mlango wa nyuma, amevaa buibui jeusi jipya na nikabu. Baba yake alikuwa hajauona uso ule tangu Jumatano. Mapazia nilikuwa nimeyafunga mimi mwenyewe.

Idrisa akaanza kwa bismillahi, kisha akashindwa kujizuia. "Kijana, binti yangu tangu kidato cha tatu hajaonwa uso na mwanamume asiye wake. Hakulazimishwa na mtu. Ni mapenzi ya dini yake tu."

Nilimwona Ilham anaufinya ukingo wa buibui kwa vidole.

"Nimelisikia hilo, mzee, na ndilo lililonileta," Abdulaziz akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Kama ataona uzito kufunua, mimi sina neno. Nimesharidhika."

Mlango ndio huo, wazi kabisa. Nikamwomba Mungu amfunge mdomo. Ilham alikuwa akilitazama zulia la kuazima. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akavuta pazia lote, ule weupe wa nje ukajaa chumbani. Akarudi kitini, akainamisha kichwa, akafungua kamba za nikabu.

Idrisa alisema, "Ee Mola wangu," akasimama nusu.

"Nimeungua, Baba. Ilikuwa ni dawa ya chunusi, nikatoka nje wakati nimekatazwa." Alikuwa anaongea na zulia, lakini kila neno lilisikika. "Na nikabu sikuivaa kwa ajili ya dini. Niliivaa kwa ajili ya chunusi. Uliponichinjia jogoo nilishindwa kusema. Nisamehe."

Ganda la ngozi lilikuwa limeninginia shavuni kwake na nilitamani kwenda kulitoa. Abdulaziz alimtazama. Akainamisha macho, kama alivyofunzwa, kisha akayainua akamtazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Nilimtafuta chuki usoni nisiione, nikamtafuta huruma, hiyo nayo sikuiona. Niliona mtu anayefikiri, na hilo lilinitisha kuliko yote.

"Inauma?" hatimaye akauliza.

"Juzi iliuma. Leo inavuta tu."

"Ukipona, utaivua nikabu?"

Ilham akatikisa kichwa polepole. "Sijui. Sijawahi kufika huko."

"Mimi nilikuja kwa ajili ya nikabu," Abdulaziz akasema. "Sitaki kukudanganya, kwa vile wewe hukunidanganya." Akavaa kofia yake iliyokuwa gotini. "Nitasubiri ujue. Ukijua, mzee atanipigia."

Wakala pilau yangu, wakaaga, gari lao likamezwa na ukungu kabla halijafika kwenye kona. Idrisa hakumsemesha binti yake mchana kutwa. Jioni alikuja mlangoni kwangu na jogoo mkononi, mzima, amefungwa miguu, akasimama kama asiyejua kilichomleta. "Mpikieni supu," akasema. "Anahitaji nguvu." Akaondoka haraka.

Mimi ndiye niliyebaki na hasira. Nilimkasirikia Abdulaziz kwa kutosema ndiyo, nikamkasirikia kwa kutosema hapana. Jumatatu yote niliitazama simu ya Idrisa kama kwamba ina mdomo. Nilikuwa na hofu kwamba mtoto amejianika bure, kwamba habari itafika sokoni, kwamba atarudi chumbani na blanketi lake na asitoke tena.

Jumanne alitoka. Aliazima kofia ya pama ya baba yake, ile ya ukingo mpana, akajipaka losheni nyeupe aliyopewa na nesi, tukaenda shambani. Ukungu ulikuwa palepale, lakini sasa tulikuwa tunauangalia kwa macho mengine. Nikabu ilikuwa shingoni, imelegezwa. Tulikuwa tumepalilia tuta moja na nusu niliposikia hatua za mtu zinapanda njia. Nikamwona Ilham ananyoosha mgongo. Mkono ukaenda shingoni, ukashika kitambaa.

Mzee Sefania, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, akachomoza kwenye weupe akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mkono wa Ilham ukabaki ulipokuwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akasimama, akamkazia macho. "Wewe binti wa nani? Mgeni huku?"

"Wa Idrisa."

"Idrisa huyu? Binti wa Idrisa namjua, huyo hafunui uso."

"Ndiye mimi, mzee."

Mzee akasogea. Kila siku kwa miaka yote hii amepita kwenye njia ile, amesalimiwa na msichana yule, na hakuwa akimjua. "Na huo uso umefanyaje?"

"Umeungua."

"Pole," mzee akasema. Kisha akalalamika kwamba mwaka huu ukungu umezidi na maharage yake yanaoza, akaenda zake.

Ilham alibaki amesimama mpaka hatua zikapotea. "Kasema pole," akaniambia, kama mtu anayeeleza jambo la ajabu. "Pole, halafu maharage."

"Ulitaka azimie?"

Akacheka, akashika shavu kwa maumivu ya kucheka. Akarudi kwenye karoti. Baada ya muda akaniita, bila kuinua kichwa. "Shangazi. Huyu Abdulaziz ana sura gani?"

Nilidhani ananitania. "Mlikaa chumba kimoja!"

"Nilikuwa natazama zulia. Tangu alipoingia mpaka alipotoka." Akang'oa karoti, akaipangusa udongo kwa kidole gumba. "Mwambie Baba ampigie, arudi Jumapili."

"Umeshajua jibu? La nikabu?"

"Hilo atalisikia nikishamwona. Si tuliambiwa tutazamane? Yeye ameshanitazama."